Kutoka Mpira Uliopasuka hadi Taa ya Injini

Tarehe 26 Julai 1943 wakazi wa Los Angeles walikuta mji wao umefunikwa na utusitusi wa moshi. Macho yaliwasha, koo zilikereketa, na mtu hakuweza kuona mbali zaidi ya mitaa mitatu mbele yake. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, hata wapo waliodhani kwamba Wajapani wameushambulia mji kwa gesi ya sumu. Haukupita muda mrefu mshtakiwa akapatikana: kiwanda cha butadieni, malighafi ya mpira bandia, kilichokuwa katika mtaa wa Aliso karibu na katikati ya mji. Kiwanda kile kilinuka, kilionekana na kila mpita njia, na kilikuwa kimeanza kazi karibuni tu. Kikafungwa kwa muda ili kirekebishwe. Moshi haukukoma. Kisa hiki ndicho mwanzo halisi wa historia ya vihisi vya injini na vya kipimo cha moshi wa magari, na ndani yake limo kosa ambalo hadi leo linarudiwa gereji kila mara gari la miaka mingi linapoandaliwa kwa kipimo hicho: kumhukumu aliye karibu kabla ya kupima. Hoja yangu ni kwamba maendeleo yote ya miaka themanini yaliyotufikisha kwenye taa ya injini yaliletwa na watu waliokataa kubahatisha, na kwamba anayebadilisha kihisi bila kukipima anakitumia chombo hiki kinyume cha sababu iliyokizaa.

Aliyeivunja dhana ya kiwanda alikuwa mkemia Mholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyefundisha katika chuo cha Caltech mjini Pasadena. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kuchunguza kemikali zinazolipa nanasi harufu yake, kwa kukusanya mvuke wa tunda na kuuchambua chembe kwa chembe. Ustadi huo aliuhamishia kwenye hewa ya mji. Wakulima wa maeneo ya jirani walikuwa wamekwisha kuona majani ya spinachi na mboga nyingine yakibabuka kwa namna isiyofanana na ugonjwa wowote waliouzoea, na watu wa biashara ya matairi walijua kwamba mpira hupasuka upesi zaidi Los Angeles kuliko miji mingine. Haagen-Smit aliunganisha dalili hizo. Kufikia mwaka 1952 alikuwa ameonyesha kwamba mabaki ya petroli isiyoungua, yaani haidrokaboni, yakichanganyika na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini na kupigwa na jua, huzaa ozoni; na ozoni hiyo ndiyo iliyowasha macho, ikababua mboga na kupasua matairi. Ozoni ilipimwa kwa chombo rahisi mno: kipande cha mpira kilichokunjwa na kuachwa hewani, kisha mtu anaangalia kimechukua muda gani kupasuka na nyufa zake zina kina gani. Kwa maana hiyo, kihisi cha kwanza katika historia ya moshi wa magari kilikuwa kipande cha mpira. Hakikuwa na waya wala taa, lakini kilieleza jambo moja kwa uaminifu, na kilihitaji mtu mwenye akili ya kuuliza jambo hilo linatokana na nini.

Ukweli huo haukupokelewa kwa mikono miwili. Wenye viwanda vya mafuta waligharimia utafiti wa kuupinga. Kenneth Hahn, mjumbe wa baraza la wilaya ya Los Angeles, alianza mwaka 1953 kuziandikia kampuni za magari za Detroit, na jibu alilopata kutoka Ford lilisema kwamba mvuke wa ekzosi hupotea hewani upesi bila kuleta tatizo. Wakati huohuo mamlaka za huko ziliendelea kuwashughulikia washukiwa walio rahisi kukamatika: viwanda, kisha tanuri ndogo ambazo familia zilichomea takataka uani, zilizopigwa marufuku mwaka 1957. Hatua hizo hazikuwa upuuzi, kwa kuwa kila moshi uliopungua ulikuwa nafuu kwa mapafu ya mtu. Hata hivyo anga halikusafika, kwa sababu chanzo kikubwa kilikuwa kikitembea barabarani. Kuanzia magari ya mwaka 1961 California ilianza kupata vali inayorudisha mvuke wa kasha la injini ukaungue tena badala ya kutoka nje. Mwaka 1966 ikaweka viwango vya kwanza vya gesi zinazotoka kwenye ekzosi, na baadaye Haagen-Smit mwenyewe akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya jimbo ya hewa. Mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wakubwa wa magari kwa madai kwamba walikubaliana kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi, na shauri likaisha kwa makubaliano mahakamani. Kisha tarehe 31 Desemba 1970 Rais Richard Nixon akasaini sheria ya hewa safi iliyotaka kaboni monoksidi na haidrokaboni katika magari mapya zipunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Hapo ndipo kubahatisha kulipoanza kuwa na gharama isiyobebeka.

Njia iliyopatikana ilikuwa katalisti, kile kibweta cha kauri chenye matundu mengi kama sega la nyuki kinachofungwa kwenye bomba la ekzosi. Umbo hilo ndilo lililowafanya mafundi wengi wa Tanzania wakiite masega. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini ghali ya jamii ya platinamu, na gesi chafu zikipita juu yake hugeuzwa kuwa mvuke wa maji, kaboni dioksidi na nitrojeni. Magari mengi ya Marekani ya mwaka 1975 yalitoka kiwandani na chombo hiki, na kwa kuwa risasi iliyotiwa kwenye petroli huyafunika madini hayo na kuyaua, petroli isiyo na risasi ikalazimika kuingia vituoni. Lakini katalisti ya kusafisha gesi zote tatu kwa pamoja, yaani haidrokaboni, kaboni monoksidi na oksidi za nitrojeni, ina sharti gumu. Hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapokaribia sana kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Petroli ikizidi kidogo, haidrokaboni na kaboni monoksidi hupenya. Hewa ikizidi kidogo, oksidi za nitrojeni hupenya. Hakuna kabureta ya kawaida, hata irekebishwe na fundi hodari wa namna gani, iliyoweza kushika mstari mwembamba kiasi hicho kwa kila mwendo, kila mlima na kila hali ya joto.

Jibu lilitoka Ulaya. Kampuni ya Bosch ilitengeneza kihisi cha oksijeni, na Volvo ikakitia mwaka 1976 katika magari yaliyokusudiwa soko la California. Kiini chake ni kauri ya zirkonia, ambayo upande wake mmoja unaguswa na gesi ya ekzosi na upande wa pili na hewa ya nje. Ikishapata joto la kutosha, nyuzijoto kama 300 hivi, kauri hiyo hutoa umeme kutokana na tofauti ya oksijeni ya pande hizo mbili. Oksijeni ikiwa chache ndani ya ekzosi, umeme hupanda hadi karibu volti 0.9, ikiwa nyingi, hushuka hadi karibu volti 0.1. Kompyuta husoma kupanda na kushuka huko, ikaongeza au kupunguza petroli, ikasoma tena, mara nyingi kwa dakika. Tukumbuke neno hili, kwa maana hoja nzima inasimama juu yake: kihisi hiki hakipimi petroli, wala hakipimi uchafu, wala hakijui plagi imekufa au mpira umetoboka. Kinapima oksijeni iliyopo pale kilipofungwa, basi. Kila kitu kingine ni tafsiri inayofanywa na kompyuta, kisha na fundi.

Kihisi cha oksijeni hakikufika peke yake. Tangu mwaka 1967 Volkswagen ilikuwa imeanza kuuza Marekani gari lenye mfumo wa Bosch wa kunyunyiza petroli kwa umeme, ulioongozwa na kihisi cha mgandamizo wa hewa na vihisi vya joto. Baadaye vikaja vipimo vya hewa inayoingia: kwanza vyenye kibao kinachosukumwa na upepo, kisha vyenye waya mwembamba wa moto unaopozwa na hewa inayopita, kiasi kwamba umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoeleza wingi wa hewa. Kikaongezwa kihisi cha joto la maji, ambacho ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyopata joto. Kihisi cha nafasi ya kikanyagio. Na kihisi cha kugonga kwa injini. Ndani ya miaka ishirini injini iliyokuwa ikiongozwa na springi, vakyumu na sikio la fundi ikawa inaongozwa na mazungumzo. Na mazungumzo yana tabia moja ambayo springi haina: mmoja wa wazungumzaji akipewa habari potofu, wote hutenda vibaya kwa nia njema kabisa.

Wenye kutunga sheria waliliona hilo mapema. Gari likiwa na vihisi vingi hivyo, linaweza kuharibika na kuendelea kutembea bila dereva kugundua kitu, huku likitoa uchafu mara nyingi zaidi ya ulioruhusiwa. California ikaagiza kwamba kuanzia magari ya mwaka 1988 kompyuta ijichunguze yenyewe na kumwashia dereva taa ikigundua hitilafu. Kila mtengenezaji alifanya kwa lugha yake, kwa tundu lake na kwa tarakimu zake. Kizazi cha pili cha utaratibu huo, kilichokuwa lazima kwa magari mapya yote ya Marekani kuanzia mwaka 1996, kilileta tundu moja la pini 16, tarakimu za pamoja, na kihisi cha pili cha oksijeni nyuma ya katalisti kwa ajili ya kuichunguza katalisti yenyewe. Kwa mara ya kwanza fundi wa mtaani aliweza kusoma gari la kampuni yoyote kwa chombo kimoja. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa haki ya matengenezo, na sifa yake iende kwa sheria ya hewa, kwa kuwa soko peke yake halikuwa limeuleta.

Sambamba na hayo, kipimo chenyewe kilikuwa kikibadilika. California ilianzisha mwaka 1984 mpango wake wa kupima moshi, ambapo kwa magari mengi cheti hutakiwa kila baada ya miaka miwili. Mwanzoni bomba la kupimia liliingizwa kwenye ekzosi gari likiwa limesimama. Baadaye, katika maeneo yenye hewa mbaya, gari lilipandishwa juu ya magurudumu ya chuma na kuendeshwa hapohapo likiwa na mzigo, kwa sababu oksidi za nitrojeni huzaliwa injini inapofanya kazi na kupata joto kali. Tangu mwaka 2015 magari mengi ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea hupimwa kwa kuunganishwa na tundu lao la pini 16, ilhali yale ya mwaka 1976 hadi 1999 bado hupimwa moshi wenyewe. Gari la miaka ya mwisho ya tisini, kwa hiyo, lina mashahidi wa aina mbili: ekzosi yake na kompyuta yake. Mwenye gari la namna hiyo ana bahati kuliko anavyodhani. Haidrokaboni zikizidi, kuna petroli inayopita bila kuungua, na plagi, koili au vali ndizo za kuulizwa kwanza. Kaboni monoksidi ikizidi, petroli ni nyingi kuliko hewa. Oksidi za nitrojeni zikizidi, injini inapata joto kupita kiasi, au njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ili kupoza mwako imeziba kwa masizi, au mchanganyiko una hewa nyingi mno. Karatasi ya kipimo ambayo wengi huitazama kama hukumu ni maelezo ya ugonjwa kwa anayejua kuisoma.

Sasa tulitazame kosa la mtaa wa Aliso linavyorudi. Taa ya injini inawaka. Chombo kinasoma tarakimu inayosema kwamba kihisi cha oksijeni kinaonyesha hewa nyingi. Kihisi kinatajwa kwa jina, kimefungwa mahali panapoonekana, na dukani kipo. Kinang'olewa, kipya kinafungwa, taa inafutwa, na baada ya siku chache inawaka tena. Kumbe kwenye kiungo cha bomba la ekzosi, mbele ya kihisi, kulikuwa na ufa mdogo. Gesi ya ekzosi haitoki kwa mkondo mmoja. Hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ufa huvuta hewa ya nje. Kihisi kikaonja oksijeni hiyo na kuripoti ukweli wake. Kompyuta ikadhani petroli ni chache, ikaongeza, na injini ambayo haikuwa na kasoro yoyote ya mchanganyiko ikaanza kutoa kaboni monoksidi nyingi. Hali ni hiyohiyo silinda moja inapomisi: petroli yake haikuungua, na oksijeni yake vilevile haikutumika, kwa hiyo kihisi kinaona oksijeni nyingi, na kompyuta inaongeza petroli kwenye injini ambayo tayari inamwaga petroli mbichi ndani ya katalisti, ikiipasha joto hadi kuiyeyusha. Katika visa vyote viwili shahidi alisema kweli, na ndiye aliyefukuzwa. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema kwamba anayeonyesha moshi ndiye aliyeuwasha.

Mfano wa tatu ni wa kimya zaidi. Thamostati iliyokwama wazi huacha maji yazunguke kwenye rejeta tangu injini inapowashwa, na katika nchi za baridi injini huenda isifikie kabisa joto lake la kazi. Kihisi cha joto la maji kinaripoti baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama inavyofanya kila asubuhi, na wakati mwingine haianzi hata kusikiliza kihisi cha oksijeni. Gari linashindwa kipimo kwa petroli nyingi, na katalisti ya bei kubwa inalaumiwa kwa kazi ambayo haikupewa nafasi ya kuifanya. Kipimo cha kumtambua mkosaji hapa ni kidogo: kupima ukinzani wa kihisi injini ikiwa baridi na tena ikiwa moto, kisha kulinganisha na joto la kweli la maji. Kihisi kizima hushuka kutoka maelfu machache ya omu kwenye joto la chumba hadi mia chache maji yanapokaribia kuchemka. Kisiposhuka, kibadilishwe bila majuto. Kikishuka sawasawa na joto likabaki dogo, thamostati ndiyo iitwe mbele. Vivyo hivyo kwa waya wa ardhi ulioshika kutu, mpira wa vakyumu uliopasuka, kichungio cha hewa kilichojaa vumbi: vyote huzungumza kwa mdomo wa kihisi, na vyote hukaguliwa kwa macho, kwa mkono na kwa mita ya kawaida kabla ya kununua chochote.

Walioandika masharti ya mwaka 1996 walijua tabia ya binadamu, wakaziba mlango mmoja wa ujanja. Kufuta tarakimu au kuchomoa betri asubuhi ya kipimo huzima taa, lakini pia hufuta kumbukumbu za majaribio ambayo kompyuta imeyafanya juu ya katalisti, vihisi na mfumo wa mvuke wa petroli. Kituo cha kupima huuliza kwanza kama majaribio hayo yamekamilika, na gari lenye majaribio mengi yasiyokamilika hurudishwa. Kuyakamilisha kunahitaji siku kadhaa za mwendo wa aina mbalimbali: kuwasha injini ikiwa imepoa kabisa, kwenda mwendo wa kutulia barabara kuu, kusimama na kuondoka mjini. Wapo wanaoliona sharti hili kuwa usumbufu. Mimi nalisoma kama kanuni ileile ya Haagen-Smit iliyotiwa ndani ya chombo: matengenezo hayathibitishwi kwa taa kuzimika, huthibitishwa kwa kupima tena baada ya muda.

Ipo hoja ya kupinga iliyo na uzito, nayo husemwa na mafundi wenye uzoefu: vihisi kweli huzeeka. Kihisi cha oksijeni kilichokaa kwenye moto kwa kilomita laki moja na zaidi hupakwa masizi, majivu ya oili inayoungua na chembe za silikoni, kikawa kizito wa kujibu. Hakitoi tarakimu yoyote, lakini marekebisho ya petroli huchelewa na moshi huharibika. Je, si busara kukibadilisha tu kwa gari la miaka ishirini na kuokoa saa za kazi? Jibu ni kwamba uzee unapimika. Kihisi kizima kikiwa na joto huruka kutoka karibu volti 0.1 hadi karibu volti 0.9 na kurudi bila kusita. Petroli ikiongezwa kwa makusudi hupanda mara moja, na mpira wa vakyumu ukichomolewa hushuka mara moja. Kinachojikokota kimekiri chenyewe. Kipimo hicho huchukua dakika chache, pungufu ya muda wa kufungua kihisi kilichoshikana na kutu. Tena injini inayokula oili itakiharibu kihisi kipya kama ilivyoharibu cha zamani, na asiyeuliza sababu ya kwanza atalipa mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa mara nyingi uko kwenye bomba lenyewe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwa nini tuamini ushahidi wa kompyuta baada ya yaliyotokea Septemba 2015? Mwezi huo Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imetia ndani ya magari yake ya dizeli programu inayotambua kwamba gari linapimwa, ikasafisha moshi wakati wa kipimo tu. Kampuni ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Lakini tuangalie udanganyifu ulifichuliwaje. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vyombo vya kupimia nyuma ya magari na kuyaendesha barabarani, mbali na magurudumu ya maabara, wakakuta oksidi za nitrojeni zimezidi mno kiwango. Walichofanya ni kumlinganisha shahidi mmoja na mwingine. Kisa hicho hakiangushi hoja ya kupima; kinaongeza sharti kwamba kipimo kimoja hakitoshi, na kwamba anayepima asiwe na faida katika jibu. Ndiyo sababu naona ni hasara kwamba magari mapya zaidi sasa huulizwa kompyuta yao tu bila ekzosi kuguswa.

Hoja ya tatu inahusu haki. Anayeendesha gari la miaka 25 kwa kawaida hana uwezo wa kununua jipya, na kipimo kinachomzuia barabarani kinaweza kumnyima kazi. Malalamiko hayo ni ya kweli, na California yenyewe imeyakubali kwa kuanzisha msaada wa fedha za matengenezo kwa wenye kipato kidogo. Lakini ubahatishaji ndio unaomuumiza maskini zaidi ya kipimo. Mwenye fedha akinunua vihisi vitatu visivyohitajika amepoteza fedha. Mwenye gari kuukuu akifanya hivyo amepoteza gari. Na wanaoishi kando ya barabara kuu zenye moshi mzito mara nyingi ni haohao wa kipato cha chini. Kupima kwanza kunamhudumia kwa pande zote mbili, mfukoni na kifuani.

Historia hii inatugusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa barabara zetu zimejaa magari yaliyotumika Japani, yaliyoundwa kwa sheria zilizofuata njia ya Marekani. Katika miaka ya tisini yalipakuliwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na masega yaliyotaka petroli isiyo na risasi, wakati petroli yetu bado ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na mwanzoni mwa mwaka 2006 kazi hiyo ilikamilika, kwa juhudi zilizoratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu Nairobi. Kihisi cha oksijeni na katalisti vilipata hapo mafuta yanayoviwezesha kuishi. Na mafundi wetu hawakusubiri chombo cha bei kubwa ili kuzungumza na kompyuta: kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo huunganishwa kwa kipande cha waya matundu ya TE1 na E1, kisha mimweko ya taa huhesabiwa, miwili kisha mmoja ni kihisi cha oksijeni, miwili kisha miwili ni joto la maji. Huo ni ujuzi wa kweli. Unaharibika pale tu mimweko inapogeuzwa kuwa orodha ya manunuzi, au pale masega yanapokatwa na kuuzwa kwa ajili ya madini yake, na gari likaachwa limwage barabarani kila kitu ambacho watu wa Los Angeles walihangaika nacho tangu mwaka 1943.

Tunda la kupima linaonekana. Kwa hesabu ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, gari jipya dogo la leo hutoa uchafuzi wa kawaida pungufu kwa takribani asilimia 99 kuliko la mwaka 1970, na usafi huo hudumu kadiri vihisi vyake vinavyosikilizwa. Basi kwa mwenye gari la miaka mingi na fundi wake, kipimo cha moshi kiwe kimekaribia au hakuna anayekidai, ombi langu ni moja. Taa ikiwaka, someni tarakimu, kisha iwekeni pembeni. Kagueni plagi, mipira, viungo vya ekzosi na nyaya. Hakikisheni injini inapata joto lake. Pimeni kihisi kikiwa baridi na kikiwa moto. Dukani muende mwisho, mkiwa na jibu mkononi.